Kutoka Kipande hadi Jua Kali: Mitazamo kuhusu Kazi na Mitambo katika Nakuru na Bonde la Ufa la Kati

Utangulizi

Ukimuuliza mwenyeji wa Nakuru ndugu yake anafanya kazi gani, huenda ukajibiwa hivi: "Hana kazi, analima tu." Jibu hili halimshangazi yeyote. Hata hivyo, mwanafunzi wa lugha akilitazama kwa makini ataliona kuwa ni jibu la ajabu mno. Mtu aliyeamka kabla ya jua, akashika jembe mpaka adhuhuri na kukama ng'ombe jioni, anasemwa kuwa hana kazi. Aliyeketi nyuma ya meza mjini, hata kama kutwa nzima ametia sahihi karatasi mbili tu, ndiye mwenye kazi. Methali zetu kongwe hazikuujua utengano huu. Jembe halimtupi mkulima, walisema wahenga. Wakasema tena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, methali ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitumia mwaka 1962 alipokuwa akieleza misingi ya Ujamaa. Katika methali hizo jembe ndilo kazi yenyewe. Ni lini basi, na kwa njia gani, jembe lilipotolewa katika maana ya kazi?

Makala haya yanadhamiria kulijibu swali hilo kwa kufuatilia historia ya kazi na zana katika Nakuru na Bonde la Ufa la kati, pamoja na maneno ya Kiswahili yaliyozaliwa au kugeuka maana katika historia hiyo. Hoja yetu ni kwamba mtazamo wa watu wa eneo hili kuhusu mitambo haujautegemea mtambo wenyewe. Umemtegemea anayeumiliki, anayehesabu siku za kazi, na anayebaki na mapato jioni ifikapo. Wanaodai kwamba Mwafrika aliogopa mashine kwa ushamba, au alichukia kazi kwa uvivu, wameyasoma matukio juujuu.

Jiwe, chuma na mhunzi

Tuanze mbali kidogo. Kariandusi, karibu na Ziwa Elmenteita, Louis Leakey alipata mwaka 1928 mashoka ya mkono ya mawe yenye umri wa mamia ya maelfu ya miaka. Baadhi yake yalichongwa kwa obsidiani, lile jiwe jeusi la volkano linalong'aa kama kioo. Katika kilima cha Hyrax, nje kidogo ya mji wa Nakuru, Mary Leakey alianza kufukua mwaka 1937, akakuta makaburi, vigae, zana za obsidiani na mabaki ya makao ya wafugaji. Kwenye miamba ya papo hapo pana safu za vishimo vya mchezo wa bao. Wataalamu wa mambo ya kale wana mengi ya kusema kuhusu zana hizo. Mimi hupendezwa zaidi na vile vishimo, kwa kuwa vinatuonyesha watu waliokuwa na wasaa wao wenyewe, na wasaa ni jambo litakalokuwa na uzito mkubwa tutakapofika karne ya 20.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kabla ya ukoloni kila kazi ilipewa heshima sawa. Miongoni mwa Wamaasai, waliotawala sehemu kubwa ya malisho ya bonde hili, wahunzi waliitwa Ilkunono. Hao ndio waliofua mikuki na sime. Bila wao morani hakuwa na silaha. Pamoja na hayo walidharauliwa, mkono wao ukahesabiwa kuwa na najisi, na watu wa koo nyingine hawakupenda kuoana nao. Kumbe jamii yaweza kuitegemea teknolojia kwa uhai wake na papo hapo ikamtenga mwenye kuitenda. Ni vyema tulikumbuke hili kila tunaposhawishika kuyapamba maisha ya kale kupita kiasi.

Magharibi ya hapo, Wanandi walipambana na Waingereza kati ya mwaka 1895 na 1905, hadi kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa tarehe 19 Oktoba 1905. Katika miaka hiyo walichukua nyaya za telegrafu wakazifanya mapambo, na bolti za reli wakazifanya silaha. Maafisa wa kikoloni waliuita huo wizi. Ama kwa hakika ulikuwa wizi kwa sheria yao. Lakini anayeuchukua uzi wa shaba na kuutengeneza bangili, au akaitia bolti motoni na kuitoa ikiwa silaha, huyo hakuiogopa teknolojia ya mgeni. Aliitazama kama malighafi. Tutamkuta tena mtu wa namna hiyo, miaka 80 baadaye, katika vibanda vya jua kali.

Lugha ya msafara

Kiswahili hakikufika Nakuru kwa vitabu. Kilikuja kwa miguu, pamoja na misafara ya biashara iliyopita Naivasha ikielekea Baringo, kisha kikaja kwa reli. Kwa sababu hiyo msamiati wa kazi katika mashamba ya bara ni msamiati wa msafara. Posho kilikuwa chakula, au kitambaa na shanga za kununulia chakula, alichopimiwa mpagazi. Katika mashamba ya walowezi posho ikawa unga wa mahindi aliopimiwa kibarua, na hadi leo Wakenya huuita mtambo wa kusagia mahindi kwa jina hilohilo. Mnyapara alikuwa kiongozi wa wapagazi, mtu mwenye hadhi. Shambani akawa msimamizi mwenye kiboko na daftari.

Neno kibarua lina historia nzito zaidi. Asili yake ni barua. Unguja ya karne ya 19, kibarua kilikuwa kijikaratasi cha kuthibitisha kazi ya siku, na wengi waliokichukua walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, ambao nao walidai sehemu ya ujira huo. Baadaye jina la karatasi likahamia kwa mtu mwenyewe. Kwa mwanaisimu huu ni mfano mzuri wa maana kuhama kutoka kitu hadi kwa mwenye kukichukua. Kwa mwanahistoria ni ushahidi kwamba kazi ya malipo, tangu ilipoanza kutajwa kwa Kiswahili, ilikuwa na kivuli cha utumwa nyuma yake.

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900 na Kisumu mwezi Desemba 1901. Takriban wafanyakazi 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga, na takriban 2,500 kati yao walikufa. Mji wenyewe, ambao jina lake linatokana na neno la Kimaasai lenye kuhusiana na vumbi, ulizaliwa kando ya kituo. Pamoja na gari la moshi ikaja saa ya ukutani na ratiba. Jambo la kutia moyo ni kwamba wasemaji wa Kiswahili waliipokea saa ya Mzungu bila kuukubali mwanzo wake: hadi leo siku yetu huanza kuhesabiwa macheo, na treni iliyoandikiwa saba asubuhi katika ratiba ya Kiingereza kwetu ni ya saa moja.

Wengi hudhani kwamba mtambo mpya huiua kazi ya zamani papo hapo. Historia ya Afrika Mashariki yasema vingine. Reli ilipokwisha kujengwa, mtu angetarajia upagazi utoweke. Miaka isiyozidi 15 baadaye, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali iliwakusanya wanaume wengi mno na kuwatwika mizigo ya jeshi. Makumi ya maelfu hawakurudi, wengi wakiuawa na maradhi na njaa. Jina la kikosi chao tunalo hadi leo katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, ambapo watu huenda kununua nguo na nyama choma bila kukumbuka neno hilo limetoka wapi.

Kipande shingoni

Mageuzi makubwa ya maana ya kazi yalitendeka katika miongo mitatu ya mwanzo ya karne ya 20. Kodi ya nyumba iliwekwa mwaka 1901. Lord Delamere akafika Njoro mwaka 1903 na wengine wakafuata. Tukio lake la kwanza ni funzo kuhusu elimu na kiburi. Aliweka ng'ombe na kondoo katika malisho ambayo Wamaasai walikuwa wakiyaepuka, kwa kuwa wao walijua mifugo haistawi pale. Udongo ulipungukiwa na madini. Mifugo yake ikadhoofika na kufa. Akageukia ngano, nayo ikashikwa na kutu. Hapo ndipo alipoajiri wataalamu wa kuchanganya mbegu. Mwaka 1908 akaanzisha kampuni ya kusaga nafaka iliyopewa jina la Kiswahili, Unga, na mwaka 1927 serikali ikafungua kituo cha mbegu papo hapo Njoro. Kituo hicho bado kinapambana na kutu ya ngano. Tangu mwaka 2005 mbegu kutoka nchi nyingi zimekuwa zikipandwa pale ili zijaribiwe dhidi ya aina ya kutu iliyogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990.

Ngano na mahindi ya walowezi yalihitaji mikono. Sheria ya Usajili ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya vita, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika wa umri wa miaka 16 na zaidi kubeba cheti chenye alama za vidole, jina la mwajiri na kiwango cha mshahara. Kilitiwa katika kikopo cha chuma na kuvaliwa shingoni. Hicho ndicho kipande. Aliyetoroka kazi mbaya aliweza kufuatwa na kushtakiwa kwa kipande chake. Si ajabu kwamba Harry Thuku alipokamatwa mwezi Machi 1922, na watu wakapigwa risasi mjini Nairobi, kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko makuu. Upande wa Tanganyika, katika mashamba ya mkonge, neno hilohilo lilitaja kadi ya siku 30 za kazi. Kwa hivyo mahali pamoja kipande kilikuwa kipande cha muda, na pengine kikawa kipande cha mtu mwenyewe. Wakenya wengi bado huita kitambulisho chao kipande. Wachache hufikiria kikopo kile cha chuma.

Sambamba na kipande kulikuwa na uskwota. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka skwota amfanyie mlowezi kazi siku 180 kwa mwaka, naye aruhusiwe kulima na kufuga katika sehemu ya shamba hilo. Mwanzoni familia nyingi kutoka Kiambu, Murang'a na Nyeri zilihamia Bonde la Ufa kwa hiari, kwa sababu mbuzi na mahindi yao yalistawi. Hawa hawakuwa watu wavivu, kama magazeti ya walowezi yalivyozoea kudai. Walikuwa wakulima hodari kupita kiasi, na hilo ndilo lililowatia mashakani. Mifugo yao ilipozidi, walowezi waliifagia. Maskwota wenyewe waliliita tukio hilo kifagio. Mwanahistoria Tabitha Kanogo, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu maskwota, ameeleza jinsi jina hilo lilivyobaki katika kumbukumbu zao. Kwa maoni yangu hakuna istilahi ya mtaalamu inayoweza kuushinda usahihi wa neno hili. Mtu anaona mali ya miaka kumi ikisukumwa nje kama takataka za uani, naye hatafuti neno kubwa. Anachukua lile la ufagio, tena katika umbo la udogo.

Kisa cha Olenguruone, karibu na Molo, kinaifafanua hoja yetu kuliko kingine chochote. Mwaka 1941 serikali iliwapa makao huko Wagikuyu waliokuwa wameondolewa kwingine, ikawawekea masharti ya kilimo cha kisasa: mazao gani yapandwe, ardhi ilindwe vipi isimomonyoke, mifugo mingapi ifugwe. Wenyeji wakakataa. Ukiusoma ukataaji huo peke yake, waweza kudhani kwamba walipinga maarifa mapya. La hasha. Kuyakubali masharti kulimaanisha kukiri kwamba wao ni wapangaji tu, wawezao kuondolewa wakati wowote. Wakala kiapo cha umoja, na kufikia mwaka 1950 walikuwa wamefukuzwa, wakaondoka na kiapo chao na kukisambaza katika mashamba ya Bonde la Ufa.

Tulinganishe na Machakos, mashariki ya Nairobi, ambako matuta ya kuzuia mmomonyoko yalichimbwa kwa amri katika miaka ya 1930 na 1940 na kuchukiwa sana. Baada ya uhuru wakulima wa Machakos waliyachimba matuta yao wenyewe, kwa gharama zao, mpaka vilima vikabadilika sura. Jembe lilikuwa lilelile na udongo uleule. Kilichogeuka ni hatimiliki.

Katika kipindi hiki ndipo neno kazi lilipobana. Kazi ikawa ile inayoandikwa katika kipande. Nyanya yangu mzaa mama alichuma pareto Molo kwa takriban maisha yake yote, katika shamba lake mwenyewe, akiamka alfajiri na kurudi jioni. Lakini aliposema "nilipokuwa kazini" alimaanisha ile miaka minne tu aliyoandikwa na mlowezi akiwa msichana. Miaka mingine yote, ya kuchuma, kupika, kusaga, kuzaa na kulea, haikuwa na jina. Mabinti zake nao walisema vivyo hivyo kumhusu: mama hakufanya kazi.

Kalamu na jembe

Elimu ingeweza kuurekebisha mtazamo huo. Badala yake iliuzidisha. Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, ilipendekeza Waafrika wafunzwe kilimo na kazi za mikono. Pendekezo hilo lilionekana na wazazi wengi kama hila ya kuwafungia watoto wao shambani, na shule huru zilizoanzishwa na Wagikuyu zilitilia mkazo usomi wa kitabu na Kiingereza. Tusiwalaumu. Katika nchi ambamo mwenye jembe alivaa kipande na mwenye kalamu alivaa viatu, mzazi mwenye busara angechagua nini? Isitoshe, kilimo cha kisasa chenyewe kilikuwa na rangi. Taasisi ya Egerton pale Njoro ilianza mwaka 1939 kama shule ya kuwafunza ukulima vijana wa Kizungu, ikawa chuo cha kilimo mwaka 1950, na chuo kikuu mwaka 1987.

Athari ya mgawanyiko huo tunaishi nayo. Katika shule nyingi za msingi tulizosoma, aliyechelewa au aliyesema lugha isiyoruhusiwa alipewa fyekeo akate nyasi, au jembe achimbe kisiki. Aliyefanya vyema katika mtihani alipewa kitabu. Kwa miaka minane mtoto alifunzwa kwa vitendo kwamba jembe ni adhabu, kisha akihitimu alihutubiwa na viongozi kuhusu kuipenda kazi ya mikono. Mtaala wa 8-4-4 ulioanzishwa mwaka 1985 ulijaribu kuingiza kilimo, sanaa na ufundi, na sayansi kimu, lakini hakuna mtaala unaoweza kushindana na fyekeo la mwalimu wa zamu.

Fasihi yetu imelishughulikia jambo hili kwa namna mbili tofauti. Shaaban Robert, katika Utubora Mkulima, anamtoa mhusika wake katika ajira na kumrudisha shambani kwa hiari, na kumfanya aione heshima katika ukulima. Ni riwaya ya maadili, na mlango wa kurudia jembe umeachwa wazi. Waliomfuata waliandika kuhusu watu wasiokuwa na mlango huo. Adam Shafi katika Kuli (1979) anawaangalia wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wa mwaka 1948, na Alamin Mazrui katika Kilio cha Haki (1981) anamweka Lanina, mwanamke, mbele ya wafanyakazi wa shamba kubwa wanaodai haki. Wahakiki wamezoea kuzisoma kazi hizi mbili kwa nadharia ya Umarx, na wana sababu nzuri. Ila yapo mambo hatujayauliza vya kutosha: zana ziko wapi ndani ya maandishi hayo? Nani anazigusa, nani anazitaja kwa jina? Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu angelianza hapo.

Tingatinga

Kauli ya "Uhuru na Kazi" ilisikika Tanganyika baada ya mwaka 1961 na Kenya baada ya mwaka 1963. Kwa watu wa Nakuru ilikuwa na utata, maana kazi waliyoijua zaidi ndiyo waliyotaka uhuru dhidi yake. Mashamba ya walowezi yaligawanywa, mengine kupitia mipango ya serikali ya makazi, mengine kupitia kampuni za kununua ardhi kama Ngwataniro katika miaka ya 1970. Trekta, ambayo Wakenya waliipa jina tamu la tingatinga kutokana na mlio wake, ilikuwa imezoea kupita ekari mia kwa mia bila kugeuka. Shamba lilipokatwa vipande vya ekari mbili au tatu, tingatinga haikuwa na mahali pa kugeukia, na jembe likarudi. Wapo wachumi walioliita jambo hili kurudi nyuma. Mkulima aliyekuwa skwota hakuliona hivyo hata kidogo. Kwake jembe katika ekari tatu zake lilikuwa zana bora kuliko tingatinga katika ekari elfu za mwingine.

Jua kali

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu Kenya iliyotambua kwamba maelfu ya watu mijini walikuwa wakifanya kazi halali na ya manufaa nje ya ajira rasmi: wahunzi, maseremala, washonaji, mafundi wa baiskeli. Watu wenyewe walikuwa na jina lao, jua kali, kwa sababu walifanya kazi bila paa. Jina hilo lilipata heshima ya kitaifa katikati ya miaka ya 1980, Rais Daniel arap Moi alipowatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, na kuahidi vibanda. Mwaka 1992 ikatolewa sera ya serikali kuhusu biashara ndogo na jua kali. Neno la kejeli likaingia katika nyaraka za wizara.

Mjini Nakuru, kama katika miji mingine ya Kenya, fundi wa jua kali huchukua pipa la mafuta akalifungua, akalifanya sanduku, jiko, karai au mlango. Chuma cha gari lililokufa kinakuwa ekseli ya mkokoteni. Huyu ndiye mrithi wa Mnandi aliyechukua bolti ya reli. Haiogopi mashine. Anaifungua, anaiangalia tumboni, anaichukua anachokitaka. Kiswahili chake kimejaa welding, spana na gasketi, nacho hukwepa istilahi zetu za kamusi bila hata kujua kwamba zipo. Tunapaswa kumsikiliza. Sisi tumejadili kwa miaka mingi kama tuseme tarakilishi, ngamizi au kompyuta, na kama rununu ni bora kuliko simu ya mkononi. Mjadala huo una nafasi yake, lakini tumevipa vyombo majina mengi kuliko tulivyowapa watu wanaovishika.

Siasa nayo haikukaa nyuma. Katika uchaguzi mkuu wa mwaka 2022 chama kilichonyakua urais kilikuwa na nembo ya wilbaro na kauli ya "Kazi ni Kazi", na neno hasla likawa kitambulisho cha tabaka zima. Pasi na kuingilia ubishi wa vyama, mwanaisimu ana la kuzingatia hapa. Kauli inayorudia neno lilelile pande zote mbili haisemi chochote kimantiki, isipokuwa msikilizaji anaamini kwamba zipo kazi ambazo si kazi. "Kazi ni Kazi" iliwagusa wengi kwa sababu kipande kilikuwa kimewafunza kinyume chake kwa karne nzima.

Mashine katika majani ya chai

Magharibi ya Nakuru, katika mashamba makubwa ya chai ya Kericho, swali letu lilifika hatua ya moto. Makampuni yalipozidi kutumia mashine za kuchuma chai, wafanyakazi waligoma mwezi Oktoba 2010 chini ya chama cha wafanyakazi wa mashamba, ambacho makao yake makuu yako mjini Nakuru. Mashine moja hufanya kazi ya wachumaji wengi, na mchumaji hulipwa kwa kilo. Mwezi Mei 2023 umati uliingia katika mashamba ya kampuni moja kubwa ukazichoma mashine kadhaa. Katika mazungumzo ya siku zile lilirudi lile shutuma la zamani, kwamba watu hawa ni maadui wa maendeleo.

Shutuma hilo lina umri. Uingereza, kati ya mwaka 1811 na 1816, wafumaji walivunja mitambo ya kufumia usiku kwa usiku, na mwaka 1812 Bunge lao likapitisha sheria ya kuwanyonga wavunjaji. Walikuwa mafundi wenye ujuzi, walioishi na mitambo maisha yao yote. Walichopinga ni mitambo kutumiwa kushusha ujira. Wachumaji wa Kericho nao wanatumia simu, wanapokea mishahara na kutuma pesa nyumbani kwa M-Pesa, iliyoanzishwa mwaka 2007 na kupokelewa mashambani kwa kasi ambayo hakuna aliyeitabiri. Mtu yuleyule anayeichoma mashine ya chai huikumbatia mashine iliyo mfukoni mwake. Simwoni kuwa anajipinga. Simu ni yake. Ile nyingine inamwondoa katika nyumba ya kampuni, yeye na watoto wake, bila shamba la kurudia. Sikubaliani na kuchoma mali, na nadhani mashine hizo hazitarudi ghalani. Lakini makubaliano juu ya nani afunzwe kuziendesha, nani abaki na nyumba, na sehemu gani ya akiba iende kwa mchumaji, yanaweza kuandikwa, na yangepaswa kuandikwa kwa lugha ambayo mchumaji anaisoma.

Huku kwetu vyuoni kuna mashine nyingine. Mwaka 2016 serikali ilianzisha mpango wa Ajira Digital wa kuwawezesha vijana kupata kazi za mtandaoni. Kijana hukaa chumbani na tarakilishi, akibandika majina kwenye picha au kunakili sauti kwa ajili ya kampuni za ng'ambo, akilipwa kwa kila kipande cha kazi anachokamilisha. Nairobi, waliokuwa wakichuja maudhui ya mitandao ya kijamii walikwenda mahakamani mwaka 2022 na 2023, wakidai kwamba walioyatazama kutwa kucha yaliwaumiza akili na kwamba waliachishwa kazi kinyume cha sheria. Mwajiri wao halisi alikuwa nani, kampuni iliyowaandika hapa au ile ya ng'ambo iliyoiagiza kazi, likawa mojawapo ya maswali makuu ya kesi.

Kamati za istilahi bado hazijampa mfanyakazi wa aina hii jina lililokubalika. Waandishi wa habari humwita mfanyakazi huru, ingawa uhuru wake ni wa kujadiliwa. Wanafunzi wenzangu wanaoifanya kazi hiyo usiku, ili kulipa karo, hawangoji kamati. Ukiwauliza wako wapi kesho alfajiri, watakuambia wana kibarua.